Nyumba ya Nani? Maoni ya Wananchi na Mradi wa Nyumba za Bei Nafuu: Mfano wa Maganzo

Msafiri anayetoka Shinyanga kwenda Mwanza kwa barabara kuu hupita Maganzo, mji mdogo katika Wilaya ya Kishapu. Ataona maduka yamejipanga kando ya barabara, vyumba vya kupanga nyuma ya maduka, na nyuma ya vyumba hivyo mashamba ya pamba na mtama. Jirani na mji huo ni uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Ndani ya uzio kuna mji mwingine, uliopimwa, wenye nyumba za matofali, hospitali, shule, maji ya bwawa, umeme na uwanja wa ndege. Miji hii miwili imezaliwa na kitu kimoja, almasi, lakini mmoja ulijengwa na mwenye mgodi kwa ajili ya watu aliowahitaji, na wa pili ukajijenga wenyewe kwa mikono ya watu ambao hakuna aliyewahitaji ila kwa siku ile ya kazi.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja ambalo husemwa kwa haraka sana kila panapotajwa mradi wa nyumba za bei nafuu katika miji midogo ya Shinyanga, Kahama na Geita. Husemwa kwamba wananchi wameshirikishwa, wametoa maoni yao, na wameupokea mradi. Tunataka kuuliza: maoni ni kitu gani? Hutolewa na nani, juu ya swali lipi, na mwenye kuuliza ameficha nini kabla ya kuuliza?

Ndugu msomaji, ukiitisha mkutano mahali popote nchini ukauliza, "Je, mnataka nyumba nzuri za bei nafuu?", watu watanyoosha mikono yote miwili. Hakuna mtu anayekataa nyumba. Lakini jibu hilo si maoni. Maoni huanza pale mtu anapojua nyumba hiyo itakaa juu ya ardhi ya nani, italipiwa na nani kwa miaka mingapi, itajengwa na mafundi gani, na yeye mwenyewe atakuwa nani ndani yake: mwenye nyumba, mpangaji, au mdaiwa. Mpaka hapo, mkono ulionyooshwa unaonyesha tu kwamba mwenye mkono hana nyumba ya kuridhisha. Na hilo halihitaji mkutano.

MGODI NA MJI

Dk. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mwamba wenye almasi hapo una eneo la juu la hekta zipatazo 146, na ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani kwa eneo. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye karati zaidi ya 54, akapewa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kuwa zawadi ya arusi. Watoto wa shule wa Kishapu wanaijua habari hiyo, nao ni haki yao kuuliza zawadi ya nyumba ilikwenda kwa nani.

Williamson alikufa mwaka 1958, na mgodi ukanunuliwa na kampuni ya De Beers na Serikali ya kikoloni, nusu kwa nusu. Baada ya Uhuru mgodi ukapita katika mikono ya umma. De Beers ikarudi mwaka 1994 ikiwa na asilimia 75, Petra Diamonds ikachukua nafasi yake mwaka 2009, na mwaka 2025 hisa za Petra zikauzwa kwa Pink Diamonds Investments. Tumeorodhesha wenye mgodi hawa kwa sababu moja. Tangu 1940 mwenye mgodi amebadilika mara kadhaa, na kila mara aliyeingia amerithi nyumba zilizo ndani ya uzio. Maganzo haikurithiwa na mtu yeyote. Mfanyakazi aliyepunguzwa kazi alitoka kwenye kota ya mgodi akaja kupanga chumba Maganzo. Mjane alikuja Maganzo. Kijana aliyetoka Bariadi, Maswa au Singida kutafuta bahati alikuja Maganzo, akachekecha mchanga kando ya mgodi kihalali, au akaingia usiku pamoja na wale ambao hapo huitwa wabeshi.

Kwa hiyo makazi ya Maganzo yasitazamwe kama uchafu uliojitokeza kwa bahati mbaya, wa kusafishwa na mradi. Ni sehemu ya uchumi wa mgodi. Mgodi unahitaji jeshi la watu wanaosubiri kazi, na jeshi hilo lazima lilale mahali. Gharama ya kulilaza imebebwa na watu wenyewe, kwa udongo wao, miti yao na mabati waliyonunua moja moja. Hii ni ruzuku ambayo mnyonge ameutolea mgodi kwa zaidi ya miaka themanini, na hakuna hesabu ya kampuni iliyowahi kuiandika.

NYUMBA NI NINI

Nyumba ina sura mbili. Sura ya kwanza ni mahali pa kulala, kupika, kulea watoto, kumuuguza mgonjwa na kumpokea mgeni. Sura ya pili ni bidhaa: kitu kinachouzwa, kinachopangishwa, kinachowekwa rehani. Ugomvi wote kuhusu nyumba hutokana na sura hizi mbili kuvutana. Taifa letu lilitambua jambo hili mapema. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa sababu pango lilihesabiwa kuwa pato la mtu asiyefanya kazi, linalotoka mfukoni mwa anayefanya kazi. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majumba yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi ambayo wenyewe hawakuyakalia, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1962. Mwaka uliofuata, katika uamuzi wa Zanzibar, masharti yale ya uongozi yakalegezwa. Tangu hapo kiongozi anaweza kuwa na nyumba za kupangisha, na wengi wanazo.

Hatusemi haya kumlilia mtu yakale yarudi. Tunayasema kwa sababu ni vigumu kwa mtu mwenye nyumba kumi za kupangisha kuongoza kwa moyo mweupe mkutano unaojadili namna ya kuondoa upangaji. Hata akiwa mtu mwema. Maslahi yake yako upande mmoja wa meza na watu wako upande wa pili.

Shirika la Nyumba lilianza kazi miaka ya sitini kwa kubomoa vibanda katika sehemu kama Magomeni na Buguruni na kujenga nyumba mpya mahali pale pale. Kazi ilikuwa njema kwa macho. Lakini ukibomoa nyumba moja na kujenga moja, hujaongeza nyumba, umeongeza gharama. Ndiyo maana kufikia 1969 mpango ule uliachwa, na miaka ya sabini ikaletwa njia ya viwanja vyenye huduma: Serikali ipime, ilete maji na barabara, mwananchi ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Viwanja hivyo vilianza Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Sinza na Kijitonyama ni matunda yake. Njia hii ilikuwa na akili zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa iliitambua nguvu ya mwananchi badala ya kuibomoa. Hata hivyo viwanja vingi viliishia kwa watu wenye vipato vya kati na vya juu, kwa sababu aliyekuwa na fedha ya kumaliza kujenga ndiye aliyebaki na kiwanja. Aliyeshindwa aliuza.

Kulikuwa pia na fedha. Benki ya Nyumba iliundwa mapema miaka ya sabini, na mwaka 1974 ukaanzishwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, ambao waajiri waliuchangia asilimia 2 ya mishahara waliyolipa. Jina la mfuko liliwataja wakulima. Mikopo mingi ya benki ilikwenda mijini, kwa wenye mishahara na wenye hati. Benki ilifungwa mwaka 1995. Mkulima wa pamba wa Kishapu hakuiona nyumba yake humo.

HESABU YA BEI NAFUU

Neno "nafuu" ni neno la kulinganisha. Nafuu kuliko nini, na kwa nani? Hapa ndipo maoni ya wananchi yanapofichwa zaidi, kwa kuwa mkutanoni huonyeshwa picha ya nyumba na bei yake, wala haionyeshwi hesabu ya mwezi hadi mwezi.

Tuifanye hapa. Chukua nyumba ya vyumba viwili inayouzwa kwa mkopo wa shilingi milioni 30. Riba ya mikopo ya nyumba katika benki zetu huwa kati ya asilimia 15 na 19. Tuseme 16, na muda uwe miaka 15. Mkopaji atalipa takriban shilingi 440,000 kila mwezi. Baada ya miaka 15 atakuwa amelipa zaidi ya shilingi milioni 79 kwa nyumba ya milioni 30. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kuwa shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo mtumishi huyo akilipia nyumba hii anabakiwa na shilingi 60,000 za kula, nauli, karo na matibabu, kabla hata ya makato mengine. Kanuni inayotaka mtumishi abakiwe na theluthi ya mshahara wake haimruhusu hata kuanza. Na huyu ndiye mwenye heri kati ya watu wa Maganzo, kwa kuwa ana karatasi ya mshahara ya kuionyesha benki.

Wengine je? Mchekechaji wa almasi anaweza kukaa miezi minane bila kupata kitu, kisha akapata jiwe moja, akaligawana na mwenye leseni na aliyemlisha alipokuwa akichimba. Mama anayeuza chakula stendi hupata kila siku na hutumia kila siku. Mkulima wa pamba hupata mara moja kwa mwaka, ikiwa mvua imenyesha na bei haikuanguka. Hawa watatu wana pato, tena pengine kwa mwaka mzima linalingana na la karani. Wanachokosa ni umbo la pato ambalo benki inalitaka. Mradi unaodai malipo yaliyo sawa kila mwezi umekwisha kuchagua wakazi wake kabla ya mkutano kuitishwa.

Na yule mwenye mshahara wa mgodini asijione amesimama juu ya mwamba. Mwadui ilisimamisha uzalishaji Aprili 2020 wakati wa korona, na haikurudi kazini mpaka mwaka uliofuata. Novemba 2022 ikasimama tena. Huko Kahama, mgodi wa dhahabu wa Buzwagi uliofunguliwa mwaka 2009 ulifungwa mwaka 2021. Mgodi ule uliishi miaka 12. Mtu aliyechukua mkopo wa miaka 15 siku ulipofunguliwa angebaki na deni la miaka mitatu na mgodi umekwisha. Deni la nyumba hupimwa kwa umri wa mtu. Katika nchi ya migodi inafaa lipimwe kwa umri wa shimo.

Shirika la Nyumba lilijaribu katika muongo uliopita kupeleka nyumba za bei nafuu wilayani, Kahama na Geita zikiwemo. Mara nyingi halmashauri ilitoa ardhi pembeni ya mji, ambako hapakuwa na barabara, maji wala umeme. Gharama ya kuvipeleka ikaingia katika bei ya nyumba. Saruji na nondo zinazosafirishwa kutoka Pwani hadi Kanda ya Ziwa nazo zikaingia katika bei. Mwisho wa yote mnunuzi aliyekusudiwa akaitazama nyumba kwa mbali. Hapa kosa si la mafundi wala la shirika peke yake. Ardhi ya bure iliyo mbali si bure.

KAYA NA CHUMBA

Tulikwisha kusema kwamba maoni hutegemea mtu amesimama wapi katika uzalishaji. Katika Maganzo kuna angalau aina mbili za watu ambao wakizungumza juu ya nyumba hawazungumzi juu ya kitu kimoja.

Mkulima na mfugaji wa Kisukuma hazungumzi juu ya nyumba. Anazungumza juu ya kaya. Kaya ni nyumba kadhaa, ghala la nafaka, zizi, uwanja wa kuanikia, ua wa minyaa, na mahali ambapo kijana akioa atajenga. Ng'ombe ndiyo benki yake. Mwambie aingie kwenye nyumba ya vyumba viwili katika kiwanja cha hatua ishirini kwa thelathini, umemwambia auze ng'ombe. Wataalamu waliochora hawakuona zizi kwa kuwa walikotoka nyumba haina zizi. Jambo hili wazee wa Shinyanga wanalijua kwa mwili. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, watu walihamishwa wakapangwa kwa mistari, na kaya zao zikageuka mahame. Shabaha ya vijiji ilikuwa kuwaweka watu karibu na shule, zahanati na maji, na shabaha hiyo ilikuwa na maana. Lakini mistari ile ilichorwa na watu ambao hawakuuliza malisho yako wapi wala shamba liko umbali gani, na katika sehemu nyingi watu walirudi mahameni kidogo kidogo miaka iliyofuata. Mzee ambaye leo ananyamaza kwenye mkutano wa mradi, mwenye kumbukumbu ya mwaka huo, hajakubali. Anangoja kuona.

Mpangaji naye hana kaya wala hataki kaya. Anataka chumba kimoja chenye mlango unaofungika, choo kisichofurika masika, maji karibu, na mwenye nyumba asiyemdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hana nia ya kukaa Maganzo maisha yake yote. Ana nia ya kukaa mpaka jiwe litakapopatikana au mtoto atakapomaliza shule. Kumuuzia mtu huyu nyumba kwa miaka 15 ni kumuuzia asichokiomba. Alichoomba ni pango la haki, na pango la haki ni jambo ambalo miradi ya nyumba za bei nafuu huliruka, kwa sababu mjenzi anataka kurudishiwa fedha zake upesi, na njia ya upesi ni kuuza.

Wenye vyumba vya kupangisha nao wana maoni, na ndiyo huwa ya kwanza kusikika kwa kuwa wana muda wa kukaa mkutanoni. Wapo wanaopinga mradi kwa kuogopa wapangaji watahama. Wapo wanaouunga mkono, kwa kuwa wamekwisha piga hesabu ya kununua nyumba tatu na kuzipangisha. Maneno yao mara nyingi huandikwa katika taarifa kuwa ndiyo sauti ya wananchi.

Kuna jambo la wanawake ambalo tutalisema kwa ufupi, ingawa si dogo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamlinda mwenzi katika nyumba ya ndoa, na nyumba haiwekwi rehani bila ridhaa yake. Lakini fomu ya kuomba nyumba mara nyingi huwa na nafasi ya jina moja, na kalamu huwa mkononi mwa mume. Mradi ukiwa na nafasi mbili kwenye fomu, nusu ya hotuba za usawa haitahitajika.

UDONGO

Inatupasa tushuke mpaka kwenye udongo wenyewe, maana wananchi huwa na maoni ya maana kabisa hapa na hawaulizwi. Wasukuma wana majina ya udongo wao, na majina hayo ni elimu. Luseni ni udongo wa kichanga wa juu, maji hupita. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni: masika huvimba na kunata, kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa mbugani kwa msingi wa kawaida hupasuka pamoja na udongo. Mkulima yeyote atakuambia wapi hapafai kujengwa, bila ya kulipwa posho. Lakini eneo la mradi huchaguliwa kwa kigezo cha ardhi ambayo haina mtu, na mara nyingi ardhi haina mtu kwa sababu watu waliijua.

Vivyo hivyo na matofali. Tofali la kuchoma linakula kuni, na Shinyanga ni mkoa uliolazimika kuanzisha mpango wa hifadhi ya ardhi, HASHI, mwaka 1986 ili kurudisha miti na ngitili zilizokuwa zimepotea. Kuchoma matofali ya mamia ya nyumba ni kuurudisha nyuma mpango ule. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi una teknolojia ya matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo uliochanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa. Udongo wa kichanga unaofaa kwa kazi hiyo upo. Vijana wasio na kazi wapo. Kikundi cha vijana kumi wenye mashine mbili za mkono wanaweza kujenga nyumba za mtaa wao na kubaki na ufundi baada ya mradi kwisha. Mkandarasi akija na matofali yake, mafundi wake na mpishi wake, mji unabaki na nyumba, na fedha zinaondoka kwa lori lile lile lililoleta saruji.

YALIYOTOKEA NYENZE NA NG'WANHOLO

Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka. Tope na maji vikafunika mashamba na kufika kwenye makazi ya watu katika vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze. Hakuna aliyekufa. Kazi ya fidia na ya kuwajengea nyumba waliopoteza zao ikafuata. Tukio hili lilileta Kishapu mfano wa nyumba zinazojengwa kwa ajili ya wananchi na mtu mwingine, na kila mtu wa Maganzo analiangalia anapoambiwa habari ya mradi.

Katika nyumba za fidia swali huwa moja kwa moja: nilikuwa na nini, nimepewa nini? Sheria zetu za ardhi zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, ihesabu thamani ya soko, usumbufu, usafiri na makazi ya muda. Haraka ndiyo sehemu inayovunjwa kwanza. Geita, mwaka 2007, familia zilizoondolewa Mtakuja kupisha mgodi ziliishia kwenye mahema, na watu wakakaa humo kwa miaka. Dar es Salaam, kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa kupisha ujenzi, zikangoja karibu muongo mmoja. Mwaka 2016 ziliahidiwa kwamba zitakaa katika nyumba mpya miaka mitano bila kulipa, na zilipofunguliwa Machi 2022 mjadala mkubwa ukawa bei ya kununua, zaidi ya shilingi milioni 48 kwa chumba kimoja na zaidi ya milioni 56 kwa vyumba viwili. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba watu wa Magomeni walirudi mahali pao, jambo lisilo la kawaida katika miradi ya namna hii, na walirudi kwa sababu walijipanga, wakaweka kumbukumbu za majina ya kaya zao zote na hawakukoma kudai. Orodha ile ya majina 644 ilikuwa na nguvu kuliko picha zote za wachoraji.

Jirani zetu wa Kenya nao wamepita katika mjadala huu. Mwaka 2023 walianza kukata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi na kiasi kama hicho kwa mwajiri kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Mahakama Kuu ilisema mwezi Novemba mwaka huo kwamba makato yale yalikwenda kinyume cha katiba, na Machi 2024 ikapitishwa sheria mpya iliyowagusa hata wasio na ajira rasmi. Swali la mfanyakazi wa Kenya lilikuwa lile lile ambalo mkulima wa Tanzania angeweza kuuliza juu ya mfuko wa 1974: mimi nachangia, nani ataishi humo?

NAMNA YA KUULIZA

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ujue na uridhie kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa kwa matumizi mengine. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuweka wazi kwamba maendeleo yasiyowapa watu uwezo zaidi juu ya mambo yao wenyewe hayastahili jina hilo, hata yakileta majengo. Kwa hiyo si sheria inayokosekana, wala mawazo. Kinachokosekana ni namna ya kuuliza.

Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi mwezi Januari, wakulima wako palizini, wachekechaji wako kwenye mchanga, mama lishe wako jikoni. Watakaokuja ni wenye maduka, wenye vyumba vya kupangisha, wazee na watoto. Mkutano uitishwe jioni, tena mara mbili, na mara ya kwanza asiulizwe mtu chochote. Isomwe hesabu: bei, riba, miaka, jumla. Ionyeshwe ramani ya eneo, na waruhusiwe wanaolijua eneo hilo kwenda kulikanyaga pamoja na mpimaji. Watu warudi nyumbani wakalale nayo, wazungumze na wenzi wao. Mara ya pili ndipo waulizwe, na waulizwe kwa makundi: wapangaji peke yao, wenye mashamba yatakayochukuliwa peke yao, wanawake peke yao. Mpangaji hawezi kusema pango ni la wizi huku mwenye nyumba wake ameketi mbele akimtazama.

Waulizwe pia maswali ambayo jibu lake laweza kuwa hapana. Mnataka nyumba za kununua au vyumba vya kupanga kutoka halmashauri kwa pango lililowekwa? Mnataka nyumba zilizokamilika, au viwanja vilivyopimwa vyenye maji, na msingi uliomwagwa, mmalizie wenyewe? Malipo yawe ya mwezi au ya msimu wa pamba? Nani asiruhusiwe kununua nyumba zaidi ya moja? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, na huwa halimo katika karatasi ya maswali.

Husemwa mara nyingi kwamba nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3, na kwamba upungufu huongezeka kwa nyumba 200,000 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, anayechelewesha mradi kwa kuuliza sana anaonekana adui wa wasio na nyumba. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo zaidi ya milioni 14 nchini, na sehemu kubwa kabisa ya majengo hayo haikujengwa na shirika wala kampuni. Imejengwa na wananchi, tofali kwa tofali, bati kwa bati, bila mkopo wa benki. Mjenzi mkuu wa nyumba Tanzania ni yule yule anayeketi kwenye mkutano akisubiri kuelezwa jinsi nyumba inavyojengwa.

Jambo moja la mwisho kuhusu mikutano hiyo. Mlangoni huwa kuna daftari la mahudhurio, na kila anayeingia hutia sahihi au dole gumba, wakati mwingine kwa ahadi ya soda. Baadaye daftari hilo huambatanishwa na taarifa chini ya kichwa kinachosema kwamba waliotia sahihi wameridhia. Wananchi wa Maganzo, wakati wowote mtakapoitwa, daftari la kuhudhuria liwe na kichwa chake kilichoandikwa kabla ya sahihi ya kwanza, na la kuridhia liwe jingine, lifunguliwe siku ya mkutano wa pili.